Ua Jeupe la Ngitili Yetu

Mpendwa mume wangu Masanja,

Maua yamechanua. Najua ungependa nianze na hilo kabla ya salamu, maana ndivyo ulivyokuwa wewe ukirudi kutoka kwenye mizinga: hujavua viatu, hujakaa, unasema, "Mwalimu, ya njano yameshatoka." Basi ya njano yameshatoka. Ya zambarau yanafuata. Na lile jeupe letu limetoka tangu wiki iliyopita, kule juu karibu na vichuguu, na mengine tayari yameanza kukomaza mbegu. Leo nimetoka shuleni nikapita kuliangalia, ndipo nikaja kukaa hapa barazani nikuandikie.

Nina mambo mawili ya kukuambia, na yote mawili yananiuma. Ninayaandika wazi, asome atakayesoma, kwa sababu huku Migato watu wameshayasema kwa namna zao, nami sitaki ionekane nilikuficha. Lakini siwezi kuanza nayo. Niache kwanza nipite njia ndefu, ile tuliyozoea.

Unakumbuka nilivyokuja? Msichana wa Iringa mwenye sanduku moja na barua ya ajira, sijui Kisukuma zaidi ya "mwangaluka", salamu ya asubuhi, tena nilikuwa naisema hata jioni, watoto wa darasa la tatu wanajiziba midomo. Ulikuja nyumba ya walimu kuuza asali kwenye galoni la njano. Nikaonja kwa kidole, nikakuuliza ni asali ya ua gani. Wenzangu walicheka, wakaona Mwalimu Neema anajitia kujua. Wewe hukucheka. Ulisema, "Siwezi kukuambia. Inabidi uone."

Jumamosi yake ukanipeleka ngitili. Sikuwa nalijua hata neno lenyewe, ukanieleza kwamba ni sehemu inayozungushiwa miba ng'ombe wasiingie masika yote, ili majani yawe akiba yao kiangazi. Mvua zilikuwa ndiyo zimekatika, majani yamefika kiunoni, na ndani yake rangi zimejaa. Nikanyoosha kidole kwenye ya njano nikasema, "Alizeti za porini." Ukasema, "Zipi? Hapo yapo matatu."

Mimi niliona moja. Ukayachuma yote, ukayalaza kwenye kiganja changu na kunifundisha ulivyofundishwa na baba yako na nyuki wake. Nisianze na rangi. Rangi ni shati, ulisema, na shati hata mwizi anavaa. Niligeuze ua nitazame chini yake, pale linaposhikana na kikonyo. Niangalie majani: yamekaa mawili mawili yakitazamana, au yanapishana? Mwisho nisubiri mbegu, maana mbegu ndiyo haisemi uongo. La kwanza mbegu zake zilikuwa na vijiti vyenye ndoana, ndicho kishonanguo kilichokuwa kimejaa kwenye sketi yangu. La pili zilikuwa na manyoya ya kurukia. La tatu hazikuwa na kitu, zilianguka palepale.

Kisha ukachukua moja ukalipasua katikati kwa ukucha. "Na hili si ua moja," ukasema. "Tazama. Kila kichembe hiki ni ua lake peke yake. Wamekaa pamoja ukaona ni mmoja. Hii ni kaya."

Nilikuwa na diploma ya ualimu na sikuwahi kuliangalia ua kwa muda mrefu hivyo. Nadhani siku hiyo hukuwa unanifundisha maua tu, na mimi sikuwa naangalia maua tu. Lakini tuliendelea kuyataja, kwa adabu.

Mchezo wetu ulianzia hapo. "Wa hapa au mgeni?" Unanionyesha mmea, nakisia. Kile kijimmea chenye kiua cheupe na moyo wa manjano kinachotambaa uwanja wa mpira, nikasema wa hapa, maana nilikiona kila mahali. Ukasema ni mgeni, kililetwa na watu zamani. Nikauliza umejuaje. "Mgeni hukaa njiani," ukasema. "Utamkuta barabarani, mashineni, shuleni. Mwenyeji yuko ndani, ambako jembe halijapita."

Nikakuuliza, "Na mimi? Si nakaa nyumba ya walimu, barabarani kabisa."

Tukaenda mpaka kwenye miba ya lango. Ndipo ukasema, "Wewe nitakutoa barabarani." Sijawahi kusikia posa nyingine ya namna hiyo.

Lile jeupe tuliliona mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Majani yake yalilala chini kama sahani, kikonyo kimesimama kitupu bila jani hata moja, chembamba, chenye vinywele vyekundu, na juu yake ua moja tu. Asubuhi lilikuwa limejifunga na unaona zambarau iliyofifia. Mchana lilifunguka likawa jeupe. Ndiyo maana tulibishana: wewe uliyepita asubuhi ulisema zambarau, mimi niliyepita mchana nikasema jeupe, tukaenda pamoja tukakuta ni lilelile, limegeuza nguo.

Tulimuuliza mayu. Mama yako akalitazama akasema, "Ni ua tu. Ng'ombe hawali." Tukawauliza majirani, wakasema lililetwa na masista wa misheni, wameliona kwenye bustani ya kanisa. Hilo lilikukera kuliko nilivyotegemea. "Masista hawajawahi kuingia ngitili hii," ulisema njia nzima. Lakini nilikuona una shaka. Kwa sababu ni kweli yalifanana na yale ya kanisani. Nawe ulikuwa mtu wa kutosema jambo mpaka uligeuze chini.

Basi kila mwaka, mvua zikikatika, tulikwenda kulitafuta jina. Watoto hatukujaliwa. Watu walitushauri kwenda kwa huyu na yule, kuchinja hiki na kile, na wewe uliwaitikia wote kwa heshima, halafu Jumamosi ikifika unanishika mkono tunakwenda ngitili. Tulibeba matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na maji kwenye chupa. Tunakaa chini, tunaligeuza, tunabishana. Wa hapa au mgeni? Wewe ulisema wa hapa. Mimi, kwa kukuchokoza tu, nilisema mgeni.

Halafu ukaja mwaka ule ulipougua tumbo. Tulikupeleka Bariadi, kutoka Bariadi wakatuandikia Mwanza. Ulikuwa mwisho wa Mei. Uliponiuliza, kwa sauti iliyobaki, "Limetoka?" nikakuambia sijui, niko hapa na wewe. Ukasema, "Ukifika uliangalie mizizi. Mizizi hatukuwahi kuiangalia." Ulizungumza kama mtu aliyelala kidogo tu na kesho anaamka. Tulikurudisha Migato kwenye jeneza, na tulipomaliza matanga maua yalikuwa yamekauka.

Msimu uliofuata sikukanyaga ngitili, wala uliofuata huo. Mayu ndiye aliyekuwa akipanga miba, na magoti yake yale. Mimi nilifundisha, nilipika, nilipalilia pamba, nilimpeleka mayu kliniki. Watu walinisifu. Walisema mwalimu ametulia. Kumbe sikuwa nimetulia, nilikuwa nimesimama tu.

Mwaka jana shule ilinituma Bariadi kununua miche ya kivuli. Pale pembeni ya barabara ya kuelekea Lagangabilili kuna mtu anaotesha miche, anaitwa Luhende. Nilikuwa nachagua miti, nikainua macho nikaona maua kwenye vyungu. Yale yale, Masanja. Ila makubwa, mekundu na ya machungwa, yamenenepa kama yaliyolishwa pumba.

Nikasimama. Yule mtu akasema, "Hizo jabera, mama. Za harusini."

Nikasema, "Kwetu Migato zipo porini. Nyeupe."

"Haiwezekani," akasema. "Labda zilitoroka bustani ya mtu."

Hutaamini hasira niliyoipata. Nilimpandishia sauti mtu nisiyemjua, mbele ya wateja wake, kwa ajili ya ua. Nilimwambia mume wangu hakuwa mtu wa kusema asilolijua. Nilisema "mume wangu" kama vile uko nyumbani unanisubiri. Akaniacha nimalize, akafunga miche yangu vizuri kwenye gunia lenye maji, akasema, "Basi naomba nije kuona."

Alikuja Jumapili na pikipiki yake, chungu cha jabera kimefungwa nyuma kwa mpira. Mayu alifikiri ni mchuuzi, akamwambia hatununui. Tukaenda naye ngitili, na mayu akatufuata kwa nyuma na fimbo yake, maana mjane haendi porini na mwanamume watu wakanyamaza. Luhende akakiweka chungu chake chini, kando ya ua letu. Nikapiga magoti nikafanya ulivyonifundisha. Sikuanza na rangi.

Majani ya jabera yake yamekatika pembeni, kama yaliyoraruliwa na mbuzi. Ya kwetu ni mazima, kingo zake nyororo kama ulimi. Kikonyo chake kinene, chetu chembamba chenye vile vinywele vyekundu. Nikayageuza. La kwake chini ni rangi ileile ya juu. La kwetu lina zambarau. Nikachimba kidogo kwa kijiti nikaona mizizi, kama ulivyoniagiza: minene, myekundu-kahawia, imeshuka ndani sana, mizizi ya mtu aliyekaa hapo tangu zamani. Luhende alichuchumaa, akatazama hili, akatazama lile, kwa muda.

"Basi hizi si jabera zangu," akasema. "Nilikosea."

Alipiga picha, juu, chini, majani, mizizi, akamtumia mtu anayemuuzia mbegu, naye akamtumia msomi mmoja wa mimea anayemfahamu. Wakaniomba namba yangu ili nijibu maswali. Niliulizwa udongo wake, msimu wake, kama kuna nyumba karibu. Nilijibu yote. Halafu kimya.

Jibu lilikuja mchana, nikiwa shambani nachuma pamba. Simu ikalia kwenye kanga. Nikafuta mikono nikasoma. Huyo msomi alisema huu ni mmea wa asili wa huku kwetu, ni ndugu wa porini wa jabera, hakuna mtu aliyeuleta. Akaandika na jina la kitaalamu, maneno mawili. Akasema nimeufafanua vizuri.

Ulikuwa umesema kweli. Miaka yote ile.

Na sasa jambo la kwanza. Nilipomaliza kusoma, nilipiga simu. Vidole vilikuwa vimeshabonyeza kabla sijafikiri. Nilimpigia Luhende. Nikamwambia, "Ni la hapa," naye akasema, "Nilijua utashinda," tukacheka, tukacheka kweli, mimi nimesimama katikati ya pamba nacheka kama msichana. Tulipomaliza nikarudisha simu kwenye kanga, nikainua macho, nikaona mizinga yako kwenye miti kule mbele.

Masanja, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia hakuwa wewe.

Lilikuwa jibu lako. Ulilitafuta, ulilitetea njia nzima, uliliulizia kitandani Mwanza. Na lilipokuja nikalichukua nikampelekea mtu mwingine. Niliketi chini, kati ya mistari ya pamba, mpaka mayu akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Nimejaribu kujieleza. Nimejiambia wafu hawapigiwi simu. Nimejiambia hata wewe ungefurahi. Huenda ni kweli, lakini najua nilichokihisi. Nilihisi nimekuzika mara ya pili, na mara hii hapakuwa na mtu wa kunisaidia kulia.

Baada ya hapo Luhende aliendelea kuja. Alisema anakuja kuangalia maua, na mwanzoni ilikuwa kweli. Nilimfundisha ya njano matatu. Nilimfundisha kishonanguo na yale yenye manyoya. Nilimpasulia ua kwa ukucha nikamwambia hili si ua moja, na nilipofika kwenye neno "kaya" nikanyamaza. Hilo sikumpa. Nilijiwekea. Ni kitu kidogo, lakini nataka ujue kwamba lipo ambalo sikulitoa.

Naye amefiwa na mke. Hasemi sana. Mavuno yalipoisha alikuja akasimama langoni bila kuingia, akasema, "Mwalimu, mimi maneno sina. Ningependa tuishi pamoja."

Nikamjibu, "Nina mume."

"Najua," akasema. "Tukienda ngitili tunakuwa naye."

Nikamwambia asije tena. Akaondoka. Sikupokea simu zake. Nilifikiri nitapata amani, kwamba sasa nimekulipia ule mchana wa pamba. Sikupata. Nilikukosa wewe, na nikamkosa yeye, na kila nilipomkosa yeye niliona aibu mbele yako.

Ni mayu aliyeuliza. "Yule wa miche mbona haji?" Tulikuwa tunamenya viazi vya kukausha michembe. Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza yote, hata ile simu. Akaweka kisu chini, akainuka, akaingia chumbani kwake. Wiki nzima hakunisemesha. Alikula peke yake. Nilimsalimu asubuhi, akaitikia akitazama ukuta. Nikajua nimempoteza na yeye, mtu pekee aliyeniita mwanawe katika mkoa huu mzima.

Siku moja narudi shuleni, nyumba imefungwa. Jirani akaniambia, "Mayu amepanda bodaboda, amekwenda Bariadi." Nikasema si kweli. Unamjua mama yako. Alikwenda Mwanza kukuona kwa basi, njia nzima amefumba macho. Bodaboda aliiita mbuzi wa chuma. Nilikaa mlangoni nikifikiri amekwenda kunishtaki kwa ndugu zako.

Alirudi jua linaelekea kuzama, vumbi mpaka kwenye kope, kanga ameifunga kichwani kwa mafundo mawili. Alimgombeza dereva kwanza, kwamba mashimo aliyaona na akayapita makusudi. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa yote.

"Nimemwona," akasema. "Nilikaa ng'ambo ya barabara nikamtazama kabla hajanijua. Anamwagilia vizuri. Anamwaga chini, hamwagi juu ya majani."

Nikapokea kikombe kitupu.

"Nimemwambia wewe ni binti yangu. Ng'ombe walitoka hapa wakaenda kwenu, ukaja kwangu. Sasa ukitoka, unatoka kwangu. Kama anakutaka, aje kwangu, na ng'ombe alete kwangu."

Nikaanza kulia. Akanitazama.

"Unalia nini wewe? Masanja nilimzaa mimi. Kama ni kulia ni zamu yangu. Na wiki ile nzima nililia, ulifikiri nakununia. Nimemaliza. Pika, nina njaa."

Nilipika. Tulikula pamoja. Nilimshukuru, "Wabeja, mayu," na akaitikia huku anatafuna, kama mtu aliyepewa chumvi.

Sasa jambo la pili, ambalo ni zito zaidi, kwa kuwa la kwanza lilikuwa moyoni tu na hili liko ardhini.

Luhende alipoleta posa kwa mayu, ukoo ulikaa kikao. Kaka yako alizungumza kwa upole, siwezi kumsingizia. Alisema, "Shemeji, hatuna ugomvi na wewe. Umemtunza ndugu yetu na umemtunza mama. Lakini ngitili ni ya ukoo. Ukiolewa, inarudi." Nikasema ninaelewa. Nikauliza itafanywa nini. Akasema sehemu ya chini, mbugani, maji yanatuama, itabaki majani ya ng'ombe. Sehemu ya juu atalima pamba mvua zikianza.

Sehemu ya juu, Masanja. Kwenye vichuguu.

Nilisimama mbele ya wazee wote nikawaeleza lile ua. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani: ni la hapa, halikuletwa, haliko barabarani wala shambani, liko tu pale ambako jembe halijapita. Walinisikiliza vizuri. Mzee mmoja akauliza, "Linaliwa?" Nikasema hapana. "Linatibu nini?" Nikasema sijui. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kaka yako akasema, "Mwalimu, nina watoto wa kulisha." Unawajua watoto wake, wawili ninawafundisha. Wakati mwingine wanakuja bila kunywa uji.

Mayu alisema miti ya mizinga isiguswe, wakakubali. Hilo tu tulilipata.

Kwa hiyo uone jinsi ilivyokaa. Ningebaki mjane wako, ngitili ingebaki kama ulivyoiacha. Hakuna aliyekuwa akinifukuza. Ilikuwa juu yangu, nami nikachagua. Nikisema nimechagua maisha, inasikika vizuri, watu wa kanisani wananiambia hivyo na wananipigapiga mgongoni. Lakini mimi ndiye niliyetembea pale leo nikijua ni mara ya mwisho, na kila ua lililofunguka lilikuwa limefunguka juu ya ardhi niliyoiachia.

Jana tulikwenda na mayu kukusanya mbegu. Zina manyoya, zinashika vidoleni, upepo ukija zinaondoka kabla hujafunga mkono. Mayu alizitia kwenye fundo la kanga. Tukashuka nazo mbugani, tukazipanda pembezoni mwa miba, mahali palipoinuka kidogo maji yasipofika. Mayu alichimba kwa fimbo, mimi nikafukia. Luhende ameniambia ukweli: yeye alijaribu kwenye trei mwaka jana, yakaota machache, yote yakanyauka. Anasema mmea wa namna hii haupendi kuhamishwa. Sikutaka aniambie la kunifurahisha, na nashukuru hakusema.

Mayu hatahama. Nilimsihi, Luhende naye akamsihi, kumetayarishwa chumba. Akasema atabaki karibu na kaburi lako, maana wewe ulipenda kupotea tangu utotoni na lazima mtu akuangalie. Mimi bado nafundisha Migato. Nitatoka Bariadi asubuhi, na kila jioni kabla ya kurudi nitapita kwake. Nimemuahidi, akasema tutaona. Na hilo pia linanichoma, kwamba nitakuwa mtu wa kupita.

Sikuombi ruhusa. Ningeiomba kama ungeweza kuninyima. Wala sikuombi uniambie sina kosa, maana hukuwa mtu wa kusema jambo ili mradi mtu alale. Nilitaka tu uyasikie kwangu, kwa mpangilio, na nisipunguze kitu. Nimefurahi, Masanja. Hilo ndilo gumu kuliko yote kuliandika. Nimefurahi, na furaha yenyewe nimejifunza kwako, ile namna ya kuchuchumaa mbele ya kitu kidogo na kukigeuza bila haraka. Ninaitumia kwa mtu mwingine. Sijui kama huo ni wizi. Nimelala nalo, nimeamka nalo, bado sijui.

Harusi ni Jumamosi, baada ya ibada ya asubuhi. Mchungaji ataniuliza, nami nitajibu kwa sauti inayosikika. Kuanzia hapo, neno ninalotaka kuliandika hapa chini litakuwa la mtu mwingine, na sitalitumia kwako tena hata kwa siri, kwa sababu nitakuwa nimemwapia.

Leo ni Alhamisi. Bado ni lako.

Mkeo,
Neema